Daftari la nyumba: shajara ya kukusanya karatasi zetu

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimeanza. Nimenunua kaunta buku ya kwaya tatu na boksi faili mbili, nikamwambia mume wangu, ambaye mtaa mzima hapa Makorora, Tanga, unamwita Mwalimu na mimi pia nimezoea, kwamba mwaka huu kila karatasi ya nyumba hii itajulikana ilipo. Akaniuliza kama niko tayari kwa vumbi.

Sababu ninayo tangu 2022, mwaka aliofariki Baba. Mirathi tuliifungua Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo, kaka yangu mkubwa akateuliwa kuwa msimamizi. Msimamizi hupewa miezi minne kupeleka mahakamani Fomu namba tano, yaani orodha ya mali na madeni yote ya marehemu. Miezi minne ikapita sisi bado tunaulizana. Baba alikuwa na akaunti ngapi? Pesa za ile ng'ombe aliyomuuzia jirani zililipwa zote au nusu? Akatokea mzee mmoja kudai laki nne. Hakuwa na karatasi, na sisi hatukuwa na karatasi ya kumkatalia. Tukalipa, maana deni la maiti ni zito na hakuna kati yetu aliyetaka limfuate Baba huko alikokwenda. Ikabidi tuiombe mahakama ituongezee muda.

Miezi kumi na minne baadaye, tukidhani tumemaliza, Mama akatoa godoro kulianika, ikadondoka bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi ya hisa za Tanga Cement, kampuni iliyoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002. Hakuna aliyewahi kumsikia Baba akitaja hisa. Anwani iliyoandikwa ilikuwa sanduku la posta la kazini kwake, na kazi aliiacha alipostaafu. Mirathi ikafunguliwa upya kwa ajili ya bahasha moja.

Baba alikuwa mtu wa kutunza. Risiti ya redio aliyonunua kabla sijazaliwa tuliikuta. Alichokosa ni mtu wa pili aliyejua. Nimelifikiria hilo muda mrefu, na Desemba likanirudia kwa nguvu: Mwalimu alishikwa na tumbo usiku, tukakimbilia hospitali, mapokezi wakataka kadi ya bima ya afya. Kadi ilikuwa kwenye suruali iliyoko kwa dobi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na hakuna aliyeijua kwa kichwa. Nikalipa taslimu kwa pesa ya mzigo wa dukani. Nikiwa nimekaa kwenye benchi pale nje nilijiuliza: usiku huu likitokea la kutokea, mimi ninajua nini kuhusu mambo ya huyu mtu niliyeishi naye miaka kumi na sita? Nilichoweza kukitaja kingeenea kwenye kiganja.

Jumapili, 12 Januari

Tumetandika mkeka sebuleni na kumwaga kila kitu juu yake: sanduku la bati la Mwalimu, droo ya kabati la vyombo, mkoba wangu wa zamani, na mfuko wa rambo uliokuwa umening'inia nyuma ya mlango wa stoo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo nilijua kabla ya kuufungua kwamba humo ndani mna mambo ya kale. Na kweli, mlikuwa na salari slipu zangu za kazi ya hoteli, cheti cha kliniki cha mtoto wa kwanza, na mkataba wa kiwanja.

Hasara ya kwanza: risiti za mashine. Risiti za EFD huchapwa kwa joto, hazina wino, na zikikaa kwenye joto la Tanga zinafutika zenyewe. Risiti ya friji imebaki karatasi nyeupe kabisa, na warranti yake ilitegemea risiti hiyo. Ya bati za nyumba inasomeka nusu. Tangu leo risiti yoyote ya kitu kikubwa inatolewa fotokopi siku hiyohiyo na kubanwa pamoja na ile halisi.

Tulichambua tangu baada ya Adhuhuri hadi adhana ya Magharibi. Binti yetu wa kidato cha tatu alikuwa anatusomea, mimi napanga mafungu. Nilidhani nitapanga kwa ofisi, fungu la benki, la maji, la umeme, la shule. Nilipofika nusu nikaona haifai. Mtu anayetafuta kitu hatafuti ofisi. Nikavunja mafungu yote na kupanga kwa mtu kwanza: Mwalimu, mimi, watoto, nyumba, Mama. Fungu la sita limezuka lenyewe na sikulitegemea: karatasi zilizo kwetu lakini si zetu.

Jumatano, 15 Januari

Daftari au simu? Mwalimu anataka jedwali la kompyuta, na anajua kulitengeneza vizuri. Mimi nimeng'ang'ania daftari. Kompyuta ya nyumbani ina nywila yake peke yake, na betri yake haikai. Mama yangu hawezi kufungua jedwali, ila akisomewa daftari ataelewa kila neno. Tumekubaliana daftari ndilo mama, jedwali ni nakala.

Kila ukurasa una safu nne: kitu chenyewe, kilipo, kwa jina la nani, na ni cha nani hasa. Safu ya nne ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo na ndiyo Mwalimu aliyoishangaa. Nikamkumbusha kiwanja cha Pongwe, kilichoandikwa jina lake nacho si chake. Akanyamaza, akachora mstari.

Namba za siri haziandikwi. Hili tulilibishania kidogo. Yeye alisema nikijua namba yake ya siri ya simu nitaweza kutoa pesa haraka akiugua. Akiugua, ndiyo, atanitajia mwenyewe. Lakini mtu akifariki, kilichomo kwenye simu ni mirathi, kina warithi wake na mafungu yao, na anayekitoa kwa namba ya siri kabla ya taratibu amechukua cha wengine hata kama nia yake ni kununua sanda. Daftari litasema laini ipi ina pesa. Kuzitoa kuna njia yake, cheti cha kifo na barua ya usimamizi.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya simu. Kila laini iliyokuwa ndani ya nyumba tumeiweka kwenye simu na kupiga *106#, inayoonyesha usajili wa laini na namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Mimi nilijua nina laini mbili. Ninazo nne. Moja niliisajili kwa alama za vidole wakati ule wa foleni ndefu za 2020, nikampa mfanyakazi wa dukani aitumie kwa wateja, akaondoka nayo. Kwa jina langu. Miaka mitano mtu mwingine anapiga simu na pengine anakopa kwa jina langu! Nimeifunga leoleo.

Laini ya nne nimeipata kwenye simu ya kitochi ya mtoto. Ina shilingi 23,000 kwenye akaunti ya pesa niliyoifahamu kama Tigo Pesa na ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas. Hili nalo nimeliandika pembeni, jina la zamani na jina jipya, kwa sababu majina ya mitandao yanabadilika na mtu akisoma daftari miaka kumi ijayo asidhani ni vitu viwili.

Lipa Namba ya duka iko kwa jina langu, na nimeiandika ukurasa wa biashara pamoja na TIN na leseni.

Jumapili, 2 Februari

LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nilidhani ukurasa huu utachukua dakika kumi, umechukua siku nzima, na nafurahi.

Tuna mita tatu za kuangalia: ya hapa nyumbani, na mbili za nyumba ya Baba pale Ngamiani, ambayo upande mmoja anakaa mdogo wangu na upande mwingine tumempangisha fundi cherehani. Nimeandika namba za mita kwa kuzisoma kwenye mita yenyewe, si kwenye meseji, kisha nikawaomba wote wanitumie meseji za manunuzi.

Meseji ya LUKU ukiisoma yote ina mambo: VAT asilimia 18, tozo ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, na kodi ya majengo. Kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya Ngamiani ni moja, kodi yake ni moja, lakini mita zote mbili zinakatwa. Na fundi wetu amekuwa akikatwa kodi ya nyumba ambayo si yake tangu alipohamia, Julai 2023. Miezi 19 kwa 1,500 ni shilingi 28,500.

Nilikwenda kwake jioni na hesabu yangu. Alikuwa hajui. Alidhani umeme umepanda tu. Nikamwambia tutampunguzia pesa hiyo kwenye kodi ya chumba ya mwezi ujao, nikamwachia karatasi yenye sahihi yangu. Akasema, "Dada, mimi nimepanga nyumba nyingi, hakuna aliyewahi kunirudishia hata mia." Nilirudi nyumbani nimechangamka na nimeona haya pia, kwa sababu bila daftari tungeendelea kumla mtu pesa yake hivihivi bila kujua.

Kazi iliyobaki hapa: kwenda kuomba mita ya pili iondolewe kwenye kodi. Ankara za maji nimezipitia haraka, hazina neno.

Jumamosi, 8 Februari

Ukurasa wa Mwalimu. Nilimwacha aandike mwenyewe.

Namba ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anayo. Yeye alianza kuchangia PSPF, na mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, kwa hiyo tumeandika namba zote mbili na kubana slipu ya mwezi mmoja wa kabla na mmoja wa baada. Bodi ya Mikopo bado inamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tumeomba taarifa ya deni ili tujue limebaki kiasi gani, maana tarehe ya kumaliza deni hilo ndiyo tarehe ambayo nyumba hii itaongeza pesa ya mboga. Akaunti mbili za benki, moja ya mshahara na moja iliyolala tangu alipokuwa chuo.

Kisha akaweka kalamu chini. Akasema kuna jambo halijaandikwa. Mwaka jana alimdhamini mwalimu mwenzake kwenye SACCOS, mkopo wa milioni tatu, na mwenzake amehama mkoa. Makato yanaendelea kulipwa, bado, lakini akiacha, SACCOS itarudi kwa wadhamini.

Nilikasirika. Sitaki kuandika hapa yote niliyoyasema. Tulilala bila kuongea, na asubuhi nilipomwamkia alianza yeye: hakunificha kwa ubaya, aliona ni sahihi tu, mtu mwema alikuwa na shida. Nikatambua kwamba angekufa mwezi uliopita ningepokea barua ya SACCOS kama tulivyompokea yule mzee wa laki nne. Tumefungua ukurasa mpya unaoitwa Dhamana. Una mstari mmoja. Na mimi nimeongeza wangu: nilimsimamia shoga yangu kwa mali kauli, yaani bidhaa za mkopo, ya vitenge kwa tajiri wa barabara ya kumi na mbili, naye bado anadaiwa 180,000. Mwalimu alikuwa hajui hilo pia.

Jumamosi, 15 Februari

Ukurasa wangu. Hapa ndipo mfuko wa rambo ulipojilipia.

Nilifanya kazi hotelini tangu 2011 hadi 2014, nikawa nachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Namba ya uanachama nimeipata kwenye kadi iliyokuwa imejikunja ndani ya kitabu cha maombi. Nimeomba taarifa ya michango, na imekuja na mapengo: miezi saba haina kitu. Salari slipu zangu zinaonyesha nilikatwa asilimia 10 yangu kila mwezi. Katika hiyo miezi saba nimebakiwa na slipu tatu. Nne sina.

Nimezitoa fotokopi zile tatu mara mbilimbili, nimeandika barua, nitaipeleka mwenyewe ofisini Jumatatu. Ninawaandikia wenzangu tuliofanya kazi pale, pengine wana slipu za miezi hiyohiyo, maana aliyekatwa hakuwa mimi peke yangu. Niliwahi kutaka kuuchoma ule mfuko wakati tunapaka rangi stoo.

Kikoba chetu ni rahisi kuandika kwa sababu kina daftari lake: hisa zangu, mfuko wa jamii, mkopo. Nimeongeza jambo ambalo halimo kwenye daftari la kikoba. Sanduku lina kufuli tatu na ufunguo mmoja ninao mimi. Upo kwenye kibweta cha hina, kabati la chumbani. Nikiondoka leo, wanawake 28 wasishindwe kugawana pesa yao mwisho wa mzunguko kwa kutafuta ufunguo.

Jumapili, 23 Februari

Pangani, kwa Mama. Kilomita 50 hivi, na daftari kwenye mkoba.

Baada ya shikamoo na chai nikamweleza nilichojia. Uso ukabadilika. "Mnanigawa nikiwa hai, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nikafunga daftari, nikamsaidia kuchambua mchele. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, tunawaendea wazee na kalamu mkononi kama makarani. Nilipomaliza mchele nikamwomba twende shambani tukapunge upepo.

Njiani alianza mwenyewe. Mnazi huu Baba yako aliupanda mwaka uliozaliwa wewe. Hapa pana mpaka, unaona ule mwembe dodo, kuanzia pale ni kwa kina fulani, na mzee wao alipokuwa hai hatukugombana hata siku moja, lakini wanawe hawajui mpaka. Kule chini karafuu hazikuota, akapanda migomba. Nikamuuliza kama kuna karatasi. Ipo, ya mkono, ina dole gumba la muuzaji na sahihi za mashahidi wanne. Kati ya hao wanne amebaki hai mmoja.

Tulizunguka mpaka wote. Nilihesabu minazi 64 inayozaa. Nilipiga picha kila kona, mti wa mpaka na nyuma yake kitu kisichohama, mwamba au ukuta wa msikiti. Tukapita kwa yule shahidi aliyebaki. Mzee sana, lakini akili yake inakata. Akaisoma karatasi kwa kuisogeza mbali na macho, akasema sahihi ni yake na muuzaji alikuwa binamu yake. Jumatatu kaka yangu atakwenda na Mama kwa mwenyekiti wa kijiji kuanza taratibu za hati ya kimila, wakati huyu mzee bado anaweza kusema.

Usiku, taa imezimwa, Mama akasema kutoka kitandani kwake: "Kuna kasha la shangazi yako." Ndani mna dhahabu, bangili mbili na kidani. Shangazi alimwachia aitunze alipokwenda Mombasa kuuguza, miaka mingi sasa, hajaja kuichukua na Mama hajaigusa. Wote nyumbani tulidhani ni ya Mama. Siku ya siku tungeigawa, tena kwa mafungu ya kisheria, na tungekuwa tumegawana amana ya mtu.

Nimerudi Tanga na kuongeza safu ya tano: nani mwingine anajua. Kwa kasha la shangazi nimeandika jina langu na la kaka.

Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama. Kazi ya daftari itakuwa ya usiku baada ya tarawehe.

Leo kiwanja cha Pongwe. Kaka yangu wa pili yuko Maskati, miaka tisa sasa. Alituma pesa tukamnunulia kiwanja, na kwa kuwa hakuwepo mkataba ukaandikwa jina la Mwalimu. Tulikuwa tunaaminiana na bado tunaaminiana. Lakini Mwalimu akifa, watoto wangu wataona karatasi yenye jina la baba yao, na ndugu wa Mwalimu nao wataiona. Hakuna atakayekuwa mwizi hapo. Kila mtu atakuwa anasoma kilichoandikwa.

Tulimpigia kwa video baada ya futari. Mwanzo akacheka, "Dada, nani atanidhulumu, wewe?" Nikamwambia mimi sitakuwepo siku zote. Tumekubaliana Mwalimu aandike tamko mbele ya wakili kwamba alinunua kwa niaba yake, tulibane na nakala za zile risiti za kutumiwa pesa, na akija likizo wahamishe jina. Imamu wetu wiki iliyopita alisoma ile aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na inahusu kuandikiana madeni. Nilikuwa nimeisikia tangu madrasa. Usiku huu niliisoma polepole na tafsiri yake, pale inapokataza kuchoka kuandika, dogo au kubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Hesabu ya zaka. Miaka yote nilikuwa nakisia, natoa kitu na moyo haujatulia. Mwaka huu nilifungua kurasa nne tu: pesa za benki na simu, bidhaa za duka kwa bei ya kuuzia, mali kauli ninazodai na kutarajia kulipwa, dhahabu yangu niliyokwenda kuipima kwa sonara. Kasha la shangazi halimo, si letu. Kiwanja cha Pongwe hakimo. Nikatoa madeni yetu, nikalinganisha na kiwango cha gramu 85 za dhahabu, nikatoa asilimia mbili na nusu. Saa moja na nusu kazi yote. Kiasi kimezidi nilichokuwa nakitoa, na nimekitoa kwa furaha.

Jumamosi, 12 Aprili

Jaribio. Mwalimu na mimi tulikaa ukumbini bila kusaidia, binti akapewa daftari na maswali kumi na mawili kwenye karatasi, Baba na Mama humo tukiwa sisi wazazi wake. Mama kaugua usiku, bima yake iko wapi? Umeme umekatika upande wa fundi, namba ya mita ni ipi? Nani anamdai Baba? Nani anadaiwa na Mama? Ufunguo wa kikoba?

Amepata tisa. Matatu aliyoshindwa yote ni kosa langu. Niliandika "kabati kubwa" na nyumba hii ina makabati mawili makubwa. Niliandika "benki ya mjini" bila tawi. Na mkataba wa duka nilikuwa nimeuchukua kuutoa fotokopi, haukuwa mahali daftari lilipousema. Sasa kuna kanuni: karatasi ikitoka kwenye boksi, inaachwa slipu yenye tarehe na jina la aliyeichukua.

Masika yameanza na mwaka juzi maji yaliingia sebuleni. Karatasi halisi zimehamia kwenye ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko ya kubana, juu ya dari ya chumba cha watoto. Nakala za picha ziko kwenye memori kadi kwa dada yangu Korogwe. Nimewakataza wote kutuma picha za vitambulisho kwenye grupu la familia.

NSSF wamepokea barua. Mwenzangu mmoja wa hotelini amepata slipu mbili kati ya zile nne ninazokosa, zake, za miezi ileile, naye alikatwa. Tunakwenda pamoja. Mita ya Ngamiani imeondolewa kwenye kodi. Mwenzake Mwalimu amebakiza makato matano.

Jumatano, 23 Aprili

Simu ya Mama, asubuhi, kabla sijafungua duka. Hakusalimia hata vizuri.

"Lile daftari lako lina nafasi?"

Nikasema lina kurasa nyingi tupu.

"Basi njoo nalo. Kuna minazi saba ng'ambo, Bweni, aliniachia bibi yako. Sijamwambia mtu, hata marehemu baba yako. Nimeona bora uiandike."

Jumamosi ni sikukuu ya Muungano, duka litafungwa. Nitavuka naye kwa kivuko cha asubuhi.